Start imegoma kufunguka, nafikaje Control Panel na sehemu nyingine kwa kuandika kamandi?

dadaSteshenari

Habari zenu wakuu, naombeni msaada na kama mtu anajua anijibu mapema maana nipo kazini na wateja wapo. Nina steshenari huku Tandika, kompyuta ya mezani, Windows 10. Jana umeme ulikatika ghafla ikiwa katikati ya kujiapdeti, ilivyowaka tena ile batani ya Start haifunguki, unabonyeza kimya, unabonyeza tena kimya, na ule mstari wote wa chini umeganda, saa haisogei, ikoni za pembeni pale kwenye sauti na mtandao hazibonyezeki. Faili zilizopo desktopu nikibofya mara mbili zinafunguka vizuri tu, Word inafunguka, folda zinafunguka.

Sasa shida kubwa ni printa, kuna kazi ya mteja imestaki kwenye foleni imeandika "Deleting" na haifutiki, kila nikituma kazi mpya inakaa nyuma yake haitoki. Kuifikia hiyo foleni nilizoea kupita Start halafu Control Panel, sasa huko ndo hakufunguki. Nimemuuliza fundi mmoja kasema hapo hakuna njia ni kupiga Windows upya, na humo ndani kuna kazi za watu, ripoti za wanafunzi wa field, barua, CV, na programu ya ile mashine ya kuskani ambayo CD yake sijui hata iko wapi.

Kuna mteja mmoja kijana aliniambia hivyo vitu vyote vinaweza kufunguliwa kwenye lile dirisha jeusi la kuandika kamandi bila kugusa Start, ila alikuwa na haraka akachukua kopi zake akaondoka. Ni kweli? Na kama ni kweli naandika nini hapo? Kompyuta natumia kila siku ila haya mambo ya ndani sijayasomea, naomba hatua kwa hatua.

mkaziMbagala

Pole dada. Kwa uzoefu wangu umeme ukikatika kwenye apdeti mafaili yanavurugika, hamisha kazi zako kwenye fleshi au hard disk ya nje afu piga Windows mpya, unaanza upya na kompyuta inakuwa nyepesi.

Mwarobaini_wa_Kompyuta

Dada usipige Windows, angalau sio leo. Mkuu hapo juu nakuheshimu ila kupiga Windows kwa mtu mwenye steshenari ni kupoteza draiva za printa (programu zinazoiwezesha Windows kuongea na printa), programu ya skana, fonti, na siku nzima ya biashara, hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa baada ya mengine yote kushindikana. Alichokwambia yule kijana ni kweli kabisa na ngoja nikueleze kwa nini ni kweli, maana ukielewa hilo hutahitaji kukariri.

Kila kifaa unachokiona ndani ya Windows, iwe Control Panel, iwe Task Manager, iwe sehemu ya kuangalia diski, ni faili yenye jina lake na karibu yote yamekaa kwenye folda moja, C:\Windows\System32. Start ni mlango wa mbele tu wa kuingilia stoo, mlango ukikwama vitu vya stoo vipo palepale na milango ya uani ipo. Ukiandika jina la faili kwenye dirisha la kamandi, Windows inaenda yenyewe kutafuta kwenye ile folda na kukufungulia, haijali kama Start inafanya kazi au imekufa.

Kwanza sevu kila kilicho wazi kwenye Word. Afu fungua hilo dirisha jeusi. Jaribu kushika kitufe cha Windows pamoja na R, kikitokea kiboksi kidogo andika cmd bonyeza Enter. Kisipotokea usihangaike nacho, kwa sababu ile Windows na R inategemea programu ileile iliyoganda hapo kwako, inaitwa explorer, ndo inayochora mstari wa chini, Start na desktopu. Fanya hivi, umesema folda zinafunguka si ndiyo? Fungua folda yoyote, bofya pale juu panapoandikwa njia ya folda, futa kilichopo, andika cmd, Enter. Dirisha jeusi linafunguka hapohapo. Watu wengi hawaijui hii njia na imenisaidia mno kwenye mashine za wateja.

Na hata folda zingegoma bado ipo nyingine, Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, hiyo inaleta Task Manager hata explorer ikiwa imeganda. Ikija ndogo isiyo na menyu bonyeza "More details" chini, afu menyu ya "File", "Run new task", unaandika jina la unachotaka. Hapo pana kiboksi cha kuweka tiki cha kuifungua kwa mamlaka ya admini, utakihitaji baadaye kidogo.

Ukishapata dirisha jeusi andika hii, Enter:

taskkill /f /im explorer.exe

Usishtuke, mstari wa chini utapotea na desktopu itabaki picha tupu. Folda zilizokuwa wazi zitajifunga ila Word na dirisha jeusi vitabaki. Sasa andika:

start explorer.exe

Vyote vinarudi. Mara nyingi Start inaanza kufanya kazi hapohapo. Ikirudi niambie, isiporudi pia niambie, ila kwa printa huna haja ya kuisubiri Start. Andika tu

control printers

na ile sehemu ya printa inafunguka. Kwa hiyo kazi iliyokwama kwenye "Deleting" ukibofya kufuta haitafutika, mpaka ile huduma inayoshika foleni isimame kwanza. Hiyo inataka dirisha la admini. Rudi Task Manager, "Run new task", andika cmd, weka tiki kwenye kile kiboksi, sawa. Utalijua kwa kuangalia juu, limeandikwa "Administrator" na mstari wake unaanzia C:\Windows\System32, tofauti na la kawaida linaloanzia kwenye folda ya jina lako au kwenye folda uliyolifungulia. Humo andika mmojammoja:

net stop spooler
del /q /f %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Mstari wa kwanza unasimamisha huduma ya foleni, wa pili unafuta zile kazi zilizokwama, wa tatu unaiwasha tena. Angalia nafasi na mikwaju vizuri, hasa huo wa katikati, wenyewe unafuta vitu, uandike kama ulivyo. Tuma ukurasa mmoja wa majaribio.

dadaSteshenari

Mkuu Mungu akubariki sana. Windows na R ilikataa kama ulivyosema, nikafungua folda nikaandika cmd pale juu ikaja. Explorer nimeizima nimeiwasha, mstari wa chini umerudi na saa inatembea, ila Start yenyewe bado inafunguka mara moja moja, nikibonyeza mara inakubali mara inakataa.

Printa imetoka!! Nimefanya ile mistari mitatu, kazi ya yule mteja ikafutika na nyingine zimetoka zote. Hapa foleni ya watu imeisha sasa hivi ndo nimekaa.

Naomba kuuliza, kwa nini nikiandika kwenye dirisha la kawaida net stop spooler iliniambia "Access is denied" na jina la kompyuta ni langu mwenyewe, mimi ndo mwenye nywila?

Mwarobaini_wa_Kompyuta

Safi sana. Hiyo ni makusudi, tangu Windows Vista ya 2006 hivi hata mwenye kompyuta anapoingia anafanya kazi kwa mamlaka ya kawaida, ya admini yanatolewa pale tu anapoyaomba na kukubali kwenye kile kiboksi kinachouliza Yes au No. Bila hivyo kila programu unayoifungua, hata kirusi kilichokuja na fleshi ya mteja, kingekuwa na ruhusa ya kuzima huduma na kufuta mafaili ya mfumo. Na wewe fleshi za watu unapokea kutwa nzima. Kwa hiyo vifungue kwa kawaida, admini uiombe pale kazi inapodai.

Kwa Start inayokubali na kukataa, hapo sasa ndo yale mafaili yaliyovurugika wakati wa apdeti. Kwenye dirisha la admini:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikimaliza ndo ufuatishe

sfc /scannow

Ya pili inakagua mafaili ya mfumo moja baada ya jingine na kurudisha yaliyoharibika, inayatoa kwenye akiba iliyopo humohumo kwenye kompyuta. Ya kwanza ndo inatengeneza hiyo akiba, na kwa kawaida inavuta kutoka Microsoft kwa hiyo inataka intaneti, hakikisha bando lipo. Zote mbili zinachukua muda na asilimia zinaweza kukaa palepale ukadhani imeganda, usifunge dirisha, iache. Kazi za watu hazigusi. Ikimaliza inaandika kama haikukuta tatizo, au imekuta na imetengeneza, au imekuta na imeshindwa baadhi. Zima uwashe. Na kama uwezo upo nunua UPS hata ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika, hiyo dakika chache inayokupa ya kuzima vizuri inatosha.

BintiMwenge

Nimependa huu uzi, niongezee kitu kwa dada na wengine watakaopita. Mimi nafanya kazi ya usaidizi wa kompyuta ofisini na kitu ninachowafundisha vijana wapya kabla ya chochote ni haya majina, kwa sababu menyu zinahama kila toleo. Kitu kilichokuwa Control Panel kinahamia Settings, afu kinapelekwa ndani zaidi, mtu aliyezoea kubofya anapotea kila Windows ikibadilika. Majina yenyewe hayahami. devmgmt.msc inafungua orodha ya vifaa na draiva tangu Windows 2000, na leo ukiiandika Windows 11 inafunguka ileile. Task Manager, yani taskmgr, aliiandika Dave Plummer akiwa Microsoft ikaingia Windows NT 4.0 mwaka 1996, jina ni hilohilo mpaka sasa.

Angalia mwisho wa jina utajua ni aina gani. Zinazoishia .cpl ni kurasa za Control Panel, moja moja. Zinazoishia .msc ni zile za usimamizi, zinafunguka ndani ya dirisha moja lenye mti wa matawi kushoto. Nyingine ni programu za kawaida za .exe, hizo huhitaji kuandika mwisho wake.

Ambazo natumia kila siku: ncpa.cpl kwa ajili ya adapta za mtandao, yani mtu akilalamika waifai imekataa sipiti popote, naandika hiyo naona kama imezimwa. appwiz.cpl kuondoa programu. main.cpl ya mausi, mmsys.cpl ya sauti, timedate.cpl ya saa na tarehe, na hii ya saa msiidharau, kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inarudi tarehe za zamani na tovuti nyingi zinakataa kufunguka, mtu anadhani ni mtandao. diskmgmt.msc ya kugawa diski, services.msc ya huduma, humo ndo dada angeiona hiyo "Print Spooler" kwa macho, eventvwr.msc ya kumbukumbu za matukio, resmon ya kuona nani anakula intaneti na prosesa.

Jambo moja la kuzingatia, andikeni jina zima na mwisho wake. Kwenye dirisha jeusi devmgmt peke yake inaweza kukubali kwa sababu .MSC ipo kwenye orodha ya miisho ambayo Windows inajijazia yenyewe, ila .EXE inatangulia kwenye orodha hiyo. Sasa ndani ya System32 ipo services.exe na ipo services.msc, ukiandika services tu hupati lile dirisha unalotaka. Weka .msc yake yaishe.

Na zile kurasa mpya za Settings nazo zina majina. Kwenye dirisha jeusi unatanguliza start:

start ms-settings:printers
start ms-settings:windowsupdate
start ms-settings:datausage

Hiyo ya mwisho kwa wenye bando la simu ni muhimu, ndipo unapoona programu gani imekula data. Kwenye kiboksi cha Windows na R huandiki start, unaanza moja kwa moja na ms-settings.

mkaziMbagala

Nimeelewa, hiyo ya kuandika cmd kwenye folda sikuwa naifahamu. Swali, mimi laputopu yangu nikiandika gpedit.msc, ile ya kuweka sera za mfumo, inasema haipatikani, na kwenye video zote wanaiandika inafunguka. Ina maana faili limefutwa na kirusi?

BintiMwenge

Hapana ndugu yangu, hakuna kirusi. Laputopu yako itakuwa Windows Home. gpedit.msc na lusrmgr.msc (ya kusimamia watumiaji wa kompyuta) zipo kwenye Pro na Enterprise, Home haina. Andika winver uone toleo lako. Zile faili za kwenye mitandao za "kuiwezesha gpedit kwenye Home" zikwepe, unaruhusu skripti usiyoijua ifanye kazi kama admini, kwa faida ndogo mno. Na msconfig, ile ya kupanga kompyuta inavyowaka, uiguse kwa uangalifu, kwenye "Boot" ukiweka tiki ya "Safe boot" kompyuta itawaka hivyohivyo kila mara mpaka uingie tena uitoe, watu wanaleta mashine wakidhani imeharibika kumbe ni ile tiki.

NahodhaWaKigamboni

Naomba niseme jambo kuhusu usalama maana linanikera sana na linawaumiza watu wetu. Haya majina mnayofundishana hapa ni mazuri lakini ndiyo hayohayo matapeli wanayatumia, kwa hiyo mtu ajifunze na upande wa pili.

La kwanza, anakupigia mtu anajiita wa kampuni kubwa ya kompyuta, anasema mashine yako ina virusi, anakwambia fungua eventvwr. Unafungua, unakuta alama nyekundu na za njano nyingi, roho inaruka. Jamani zile alama zipo kwenye kila Windows duniani, hata iliyo mpya nje ya boksi, huduma ikichelewa sekunde kadhaa kuwaka inaandikwa pale kama kosa. Sio virusi. Akishakutisha anakwambia weka programu ya kumruhusu aingie kwenye kompyuta yako, hapo ndo pesa inapoondoka.

La pili hili limeshamiri tangu 2024 na ni baya zaidi. Unafungua tovuti, mara nyingi ya kupakua muvi au programu za bure, inakuletea kiboksi cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Badala ya kukuonyesha picha za kuchagua inakwambia bonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Tovuti imeshaweka kamandi kwenye kumbukumbu yako ya kunakili bila wewe kujua, wewe mwenyewe ndo unaibandika na kuiendesha kwa mkono wako. Mara nyingi inaita powershell au mshta, programu za Windows zenyewe za kuendesha kamandi na skripti, inavuta programu ya kuiba nywila zote zilizosevuwa kwenye brauza. Hakuna tovuti ya halali inayokutaka ubonyeze Windows na R ili ithibitishe wewe ni mtu. Hakuna. Dada wewe wa steshenari hasa, kwenye hiyo kompyuta watu wanafungulia barua pepe zao na akaunti zao za serikalini, wizi mmoja hapo ni wa mtaa mzima.

Kwa hiyo kamandi yoyote unayopewa, hata na sisi humu, iandike kwa mkono neno kwa neno ukielewa kila neno linafanya nini, na kama hulielewi uliza kwanza. Alivyofanya Mwarobaini ndo inavyotakiwa, kaeleza kila mstari.

dadaSteshenari

Asante sana mkuu kwa hilo, hicho kiboksi cha roboti cha Windows na R nimeshawahi kukiona kwenye hiyo kompyuta, mteja alikuwa anatafuta kupakua kitu, nikamwambia afunge maana sikukielewa. Nitabandika karatasi ukutani.

DISM imemaliza, sfc ikasema imekuta mafaili mabovu na imeyatengeneza. Nimezima nimewasha, Start inafunguka kila nikibonyeza.

Mwarobaini_wa_Kompyuta

Alhamdulillah. Kazi imekwisha hiyo na hakuna Windows iliyopigwa.

Na uamuzi wako wa kumwambia mteja afunge ulikuwa sahihi kabisa.

Jambo jingine dada, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine kama haijasajiliwa kwenye ule mpango wao wa nyongeza haipati tena viraka vya usalama. Ukipata nafasi angalia kama inakubali Windows 11, na ikibidi kununua nyingine ya mtumba usinunue kwa kuangalia kioo tu.

kijanaWaIlala

Hapo kwenye mtumba nichangie maana nauza Kariakoo na napenda mteja anayejua kukagua kuliko anayenunua kwa imani halafu tunakuja kugombana. Muuzaji mkweli hatakuzuia kuandika mistari michache. Mwambie akuwashie, afu:

msinfo32 inakupa modeli, prosesa, RAM, yote ukurasa mmoja, linganisha na stika iliyobandikwa nje. dxdiag inathibitisha na kadi ya picha. slmgr /xpr inakuonyesha kama Windows imeamilishwa au la, na kama ina tarehe ya mwisho. Kwa laputopu hii ndo ya muhimu kuliko zote:

powercfg /batteryreport

Inatengeneza faili la battery-report na kukwambia limekaa wapi, fungua kwenye brauza, tafuta mistari miwili, "DESIGN CAPACITY" na "FULL CHARGE CAPACITY". Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni inachoweza kushika sasa hivi. Mfano ukikuta 50,000 na 20,000, betri hiyo imebaki na asilimia 40, hata kama muuzaji anakwambia inakaa masaa matano. Punguza bei au chagua nyingine.

Diski nayo, andika powershell Enter, afu Get-PhysicalDisk Enter, inakuonyesha kama ni SSD (diski ya kasi isiyozunguka) au ni HDD ya kuzunguka na hali yake imeandikwa "Healthy" au vinginevyo. Kuna laputopu zinauzwa kwa maneno kuwa zina SSD na hazina.

Kibodi ikikosa vitufe vya kufanya kazi andika osk, inaleta kibodi ya kwenye skrini, na ndo hapohapo pa kujaribia kibodi halisi, kila kitufe unachobonyeza kinawaka kwenye ile ya skrini. Pitia vyote, usiache hata kimoja.

BintiMwenge

Hii ya osk ya kukagulia kibodi nimeichukua, asante.

dadaSteshenari

Wakuu nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho na sitawasumbua tena, hili la printa kustaki linatokea mara kwa mara hasa mteja akituma PDF nzito, na msichana ninayemwachia duka hawezi kuandika ile mistari mitatu bila kukosea. Hakuna namna ya kuiweka iwe kitu kimoja cha kubofya?

Mwarobaini_wa_Kompyuta

Ipo na ni rahisi. Andika notepad kwenye dirisha jeusi, ikifunguka weka hii:

@echo off
net stop spooler
del /q /f %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
pause

Sevu desktopu kwa jina fungua-printa.bat, na pale chini kwenye "Save as type" chagua "All Files", usipochagua itajisevu kama fungua-printa.bat.txt na haitafanya kazi. Msichana asibofye mara mbili, abofye kulia achague "Run as administrator", akubali Yes. Ile pause ya mwisho inaliacha dirisha wazi ili asome, akikuta imeandika huduma imesimama na imewaka tena vizuri, abonyeze kitufe chochote lijifunge. Akikuta "Access is denied" basi amesahau kuifungua kama admini, arudie.

Umwambie pia kwamba inafuta foleni nzima, sio ile kazi moja iliyokwama. Kama kuna wateja watatu wametuma, za wote watatu zinaondoka, inabidi azitume upya, kwa hiyo asifunge faili la mteja mpaka karatasi ya mwisho itoke.